Vakiumu, mfuko wa kitambaa au sanduku la Kamukunji: nguo za baridi uziweke wapi?

Sasa watu wangu, mko poa? Leo tuko na vitu vitatu hapa kitandani: mifuko ya vakiumu, ile ya plastiki unayovuta hewa yote itoke, mfuko wa kitambaa wenye zipu ule wa kusukuma chini ya kitanda, na hili sanduku la bati kutoka Kamukunji, lile kila mtu aliyesoma bodingi analijua. Vyote vitatu vinauzwa kwa kazi moja, kukuwekea nguo za baridi mpaka Juni ingine. Na wacha niseme mapema kwa sababu kuna wenye watatoka kabla video iishe: kwa Nairobi, kwa nguo nyingi, mfuko wa kitambaa ndio unashinda, na sababu si bei.

Sababu ni mvua. Hebu fikiria kalenda yetu. Baridi inaingia Juni, Julai ndio unaamka unakuta nyuzi 10 ama 11 na mawingu hayatoki siku nzima, Agosti inaanza kulegea. Hii Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hivyo hata kama Ikweta iko hapo karibu tu, hiyo baridi ni ya ukweli na nguo zake unazihitaji. Sasa ukizifunga Septemba unazitoa lini? Mwisho wa Mei. Hapo katikati zimelala kwa giza zikipitia vuli, Oktoba mpaka Desemba, alafu masika, Machi mpaka Mei, yaani mvua mbili nzima. Zile video za kupanga kabati tunazoangalia nyingi ni za Ulaya na Marekani, na huko mtu anaweka koti likingoja joto liishe, sisi tunaliweka likingoja mvua ziishe, na hapo ndipo mambo yanabadilika. Adui wako wa kwanza hapa ni unyevu. Nondo anakuja nyuma, tena mbali sana.

Lakini kabla ununue chochote, tafadhali, punguza kwanza. Nasema hivi kwa roho safi kabisa kwa sababu naona watu wananunua mifuko sita ya kuhifadhi nguo zenye hawajavaa tangu wazinunue, alafu kabati bado halifungi. Nairobi inakupatia kipimo rahisi sana. Juni ikianza, geuza hanga zote za jaketi na masweta ziangalie upande mmoja, ukivaa kitu ukirudisha unageuza hanga yake. Ikifika Septemba angalia zenye hazijageuka. Kama Julai yote, na asubuhi zile za kungoja matatu kwa stegi na umande, haikukulazimisha kuvaa hilo koti, hakuna mwezi mwingine Nairobi utakulazimisha.

Na mengi ya hayo ni yale makoti mazito ya mtumba, yale tulitoa Gikomba ama Toi kwa sababu kitambaa kilikuwa kizuri na bei ilikuwa chini. Hilo koti lilishonewa mtu wa theluji, na ni koti zuri, mimi sisemi ulitupe. Mpe mtu wa boda. Enda kwa stegi ya boda yenu mtaani saa kumi na mbili asubuhi uone venye wamejifunga, hao wanapigwa na upepo wakiwa wameketi, na koti la theluji kwao ni kifaa cha kazi. Ama kama uko na watu Limuru, Kinangop ama Nyahururu, wapelekee, huko baridi haingoji Juni. Sweta za watoto zenye zimekuwa ndogo zisikae mwaka mzima zikingoja mtoto wa mtu fulani atazaliwa, zitoe saa hii kukiwa bado na baridi. Kitu kimoja tu, nguo ya mtu mwingine usiitoe bila kumwambia, sana sana ya mama ama ya mzee, hata kama iko kwa kabati yako. Muulize.

Haya, tuanze na vakiumu. Hii niliichukua kwa eksibisheni tao, saizi kubwa, shilingi 350, pampu ya mkono inauzwa kando. Unaingiza nguo, unafunga hii zipu ya mistari miwili ukitumia hiki kibanio cha plastiki, alafu unavuta hewa hapa kwa vali. Wacha niingize duveti muone. Mnaona venye inashuka? Duveti ya sita kwa sita ilikuwa imejaza rafu nzima ya juu, saa hii imekuwa hivi, hata theluthi ya vile ilikuwa sidhani inafika. Hapo siwezi kuidanganyia, kwa kupunguza nafasi hakuna kingine kinaikaribia, na kama uko bedsita na mnalaza wageni wakija, duveti na yale mablanketi ya fulizi yaweke humu bila wasiwasi.

Sasa sogea karibu hapa kwa zipu. Mnaona huu uzi mdogo, hii nyuzi ya blanketi? Huu peke yake unatosha kurudisha hewa yote pole pole, unalala mfuko ukiwa bapa unaamka umevimba, alafu mtu anasema ameuziwa feki. Pangusa hiyo mistari na kitambaa kikavu, pitisha kibanio mara mbili, alafu pitisha vidole vyako kutoka upande huu mpaka ule usikie imeshikana. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, ukivuta hewa nguo inakuwa ngumu na inapinda pinda, haipangiki vizuri juu ya ingine, na uzito haujapungua hata gramu moja, kwa hivyo kama rafu yako ni ile mbao nyembamba, ukiweka mifuko minne itapinda katikati.

Ya tatu ndio kubwa. Plastiki inafungia nje unyevu, sawa, lakini pia inafungia ndani ule wenye uliingia nao. Sweta nzito iliyofuliwa Agosti, ikaanikwa siku yenye jua halikutoka, ukiishika kwa mkono unasikia imekauka, lakini nenda kwa mshono wa kwapa, nenda kwa ukosi uliokunjwa mara mbili, bonyeza hapo kwa shavu lako. Ikiwa baridi kuliko kwingine, haijakauka. Ukiifunga hivyo kwa vakiumu utafungua Mei ukutane na uvundo na madoa ya kuvu, yale madoadoa meusi yenye hata mama fua akisugua na jiki hayatoki, na kwa sweta ya rangi hiyo jiki ndio inamaliza nguo yenyewe. Pia usiweke humu jaketi zilizojazwa manyoya ya ndege, zile nyepesi za kuvimba, kwa sababu joto lake liko kwa ule uvimbe, ukizikandamiza miezi minane manyoya yanalala na mengine hayaamki tena. Sufu halisi, ile ya manyoya ya kondoo, pia isikandamizwe muda mrefu.

Mfuko wa kitambaa. Huu shilingi 400, ni ile kitambaa laini kama ya mifuko ya kubebea ya supamaketi, uko na dirisha la plastiki juu uone ndani. Hewa inapita. Kama kuna unyevu kidogo ulibaki una njia ya kutoka, na nguo inakaa vile uliikunja. Hiyo ndio maana naupatia nafasi ya kwanza kwa masweta, hudi, jaketi za kawaida, skafu, mavini zile kofia za baridi, soksi nzito, yaani karibu kila kitu.

Uko na shida zake na ni lazima muzione. Hapa kwa kona, mahali zipu inaishia, naingiza kidole, mmeona? Kidole kinapita. Mende anapita, na nondo anapita akiwa na raha zake. Nilichukua sindano na uzi nikashona hapo sentimita mbili tu kila upande, imekwisha. Mikono yake ya kubebea imeshonewa kwa kitambaa chenyewe bila kiraka nyuma, kwa hivyo usiuvute ukiwa umejaa, shika chini na mikono miwili. Na ukienda kununua fungua zipu na ufunge pale pale dukani mbele ya muuzaji, ile ya kukwama inakwama mara ya kwanza. Usiuweke moja kwa moja kwa sakafu ya simiti, weka kadibodi ama vipande vya mbao chini, na kama nyumba iko na ukuta wenye unalia maji wakati wa mvua, kitanda kivute kidogo.

Sasa sanduku. Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, shilingi 2,500 baada ya kuelewana, na hakuna mtu anakuuzia kitu kigumu kama hiki kwa hiyo pesa. Kama mahali unaishi kuna panya, acha kuangalia hii video nenda ununue sanduku, kwa sababu panya anakata kitambaa na anakata plastiki, na bati hakati. Linafungwa na kufuli, linakaliwa, linawekewa tivii juu. Mimi nalipenda sana, nalisema wazi.

Lakini bati ni baridi. Usiku wa mvua likiwa limegusa ukuta, hewa ya ndani ikipoa unyevu unashika kwa bati huko ndani, na nguo yenye imegusa hapo inaloa kidogo kidogo bila wewe kujua. Pitisha kidole chako polepole hapa kwa mkunjo wa chini, hapa rangi haikufika vizuri, hapa ndipo kutu inaanzia, na doa la kutu kwa nguo nyeupe ni la milele. Kwa hivyo hulitumii tupu. Unatandika shuka kuukuu ya pamba, unaacha ipande kuta zote nne, unapanga nguo, unafunika na ile shuka iliyobaki juu kabla ya kufunga. Likiwa jipya liache wazi kwa hewa kwanza mpaka harufu ya rangi iishe. Na liinue kutoka sakafuni.

Wengi mtaniuliza kuhusu naftalini, vile vidonge vyeupe vya harufu kali. Nisikilizeni hapa vizuri. Yule nondo anayekula nguo ni mdogo sana, wa rangi ya dhahabu, anajificha gizani, si wale wakubwa wanaozunguka taa. Na hata yeye akishakuwa na mabawa hali kitu, anayekula ni mtoto wake, yule funza, na anakula sufu, hariri, manyoya, vitu vilivyotoka kwa mnyama. Geuza sweta yako usome lebo huko ndani. Ikisema akriliki ama poliesta, na masweta mengi tunayovaa ni hivyo, nondo hana haja nayo, labda iwe na jasho ama doa la chakula. Kuna mtu saa hii anavuta naftalini usiku kucha akilinda blanketi la poliesta.

Na hii dawa si mchezo kwa nyumba yenye watoto. Inafanana na peremende, na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha damu kinaitwa G6PD, hali ya kuzaliwa nayo ambayo iko sana kwa jamii za maeneo ya malaria kama Pwani na kando ya Ziwa, naftalini inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Shuka za mtoto mchanga zenye zimelala na naftalini ni hatari kwake, naomba msifanye hivyo kabisa. Kama uko na sufu halisi, ifue vizuri, ikauke kabisa, iweke kwa vakiumu bila kuvuta hewa mpaka mwisho, zipu ikiwa imefungwa sawa sawa. Ukiona tayari kuna vitundu na uko na friza, ifunge ndani ya mfuko uiweke kwa friza wiki moja, funza na mayai yanakufa.

Kwa hivyo Septemba jua likirudi fua, anika, geuza ndani nje, anika tena, ndio uhifadhi. Na usingoje Mei. Januari na Februari, hapo katikati ya vuli na masika, jua letu ni kali na hewa ni kavu, chagua Jumamosi moja utoe kila kitu, upeperushe kwa kamba, ufute ndani ya sanduku, urudishe jioni kabla umande uanguke. Vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja kwa viatu msiviwekee tumaini, vingi vikikufikia vimeshakunywa unyevu vya kutosha.

Jaketi za ngozi sijazigusa leo kwa sababu haziingii kwa chochote kati ya hivi vitatu. Hanga pana ya mbao, shuka ya pamba juu, na nafasi ya mkono mmoja kati yake na nguo inayofuata, na kama umepunguza kabati vile tumesema hiyo nafasi unayo.