TAHADHARI: Banshee "ya 2006" inayouzwa Phoenix siyo ya 2006, msitume kianzio

Wakuu habari za saa hizi. Hili naliandika haraka kwa sababu msimu wa Glamis, yale machuguu ya mchanga ya California, ndo huo unaanza Oktoba na vijana wetu wa Phoenix, Tucson mpaka San Diego wanatafuta kwadi (pikipiki za magurudumu manne) kwa fujo, na kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu ya Waswahili anauza Yamaha Banshee anasema ni ya 2006, mwaka wa mwisho, haijaguswa, mmiliki mmoja. Siyo ya 2006. Nimeiona kwa macho yangu, nimepiga magoti chini nimesoma namba ya chesisi, ile ni fremu ya 1989 imevalishwa nguo za 2006.

Jamaa anaongea Kiswahili kizuri tu na ndo silaha yake kubwa. Ukimpigia simu cha kwanza anakuuliza kwenu wapi, ukimtajia anakwambia ana shemeji huko, baada ya hapo ni "mdogo wangu mimi siwezi kukuuzia kitu kibaya, sisi ni wa nyumbani". Halafu anaomba dola 1,000 kwa Zelle (ile ya kutumiana hela benki kwa benki) eti akushikie maana kuna Mzungu anakuja kuichukua kesho asubuhi. Dogo mmoja tunayesali naye alituma. Jumamosi tukaenda wote kuiangalia, na haya nawaandikia ni yale tuliyoyakuta.

Kwa asiyeijua Banshee, kwanza niseme kwanini ujanja huu unafanyika kirahisi hivi. Banshee ilianza kuuzwa 1987 na hapa Marekani ikaishia 2006, miaka ishirini, na muda wote huo injini ni ile ile, tustroki (two-stroke) ya silinda mbili, cc 347, inapozwa kwa maji, gia sita, inawashwa kwa kiki, oili unachanganya mwenyewe kwenye petroli. Yamaha hawakuibadilisha sana kwa sababu ilikuwa inauzika hivyo hivyo. Sasa mtu akichukua ya 1989 iliyochoka, akatoa plastiki zote akafunga mpya, akabandika stika za 2006 ambazo zinachapishwa zinauzwa mtandaoni kama njugu, akapiga fremu rangi ya poda, wewe uliyesimama mita tatu hujui chochote. Siti mpya, madigadi mapya, inang'aa, unaona 2006. Na tofauti ya bei kati ya mwaka wa mwisho ulio safi na wa zamani uliochoka ni maelfu ya dola, ndo hapo anapopigia hela yake. Hii alikuwa anaitaka 9,500.

Sasa mwaka hausomwi kwenye plastiki, unasomwa kwenye namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, tarakimu na herufi 17, na unahesabu kutoka kushoto mpaka ya kumi. Hiyo ya kumi ndo mwaka. H ni 1987, J 1988, K 1989, L 1990, M 1991, N 1992, P 1993, R 1994, S 1995, T 1996, V 1997, W 1998, X 1999, Y 2000, halafu zinakuja namba, 1 ni 2001 mpaka 6 ambayo ni 2006. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye namba hizi, ukiiona mojawapo popote ujue mtu kagonga mwenyewe gereji. Ya huyu jamaa ilikuwa na K. Nilipomuonyesha akasema hiyo ni "kodi (code) ya rangi ya kiwandani". Nikamuomba taito, yaani hati ya umiliki, akaileta imekunjwa mara nne, namba ya kumi kwenye karatasi ni 6. Yaani karatasi ni ya kwadi nyingine kabisa! Hiyo fremu iliyoko pale haina karatasi, na karatasi aliyonayo haina fremu. Hapo jambo lishatoka kwenye bei limeenda kwenye wizi, maana ukikamatwa nayo jangwani na askari akasoma fremu, anayetoa maelezo ni wewe, siyo yeye.

Na msisahau Arizona kwadi inatakiwa iwe na taito kwa jina lako na ile stika ya magari ya nje ya barabara. Ukipeleka karatasi isiyolingana na fremu unaweza kubaki na pambo la gereji.

Kitu kingine angalieni rangi pale kwenye namba penyewe. Fremu yote imepigwa rangi nyeusi nzito, lakini pale kwenye namba ilikuwa nzito zaidi, unapitisha kucha unaona mashimo ya herufi yamejaa, ndo maana watu wengi wanasoma karatasi wanaacha fremu. Nilipaka chaki nikafuta kwa kitambaa kikavu, namba zikatokea nyeupe vizuri kabisa. Huyu angalau hakusaga. Wapo wanaopitisha grainda wakagonga upya, na hao unawajua kwa mistari ya msasa chini ya rangi na kwa namba zilizokaa vibaya, moja imezama moja imeelea, moja imepinda, wakati za kiwandani zimekaa kwenye mstari. Halafu kwa kawaida ile ya tisa kwenye namba za Marekani ni ya kuhakiki, inapatikana kwa hesabu ya zile nyingine zote, kwa hiyo mtu akibadilisha ya kumi peke yake hesabu inagoma, ukiiingiza kwenye programu ya kusoma namba za chesisi inakukatalia papo hapo.

Kwenye vyuma vyenyewe pia kuna ushahidi. Banshee za 1987 mpaka 1990 kontroli amu za mbele (mikono inayoshika magurudumu) ni fupi, kuanzia 1991 zikawa pana, ndo maana mpaka leo duka la spea litakuuliza mwaka kabla hawajakuuzia. Hii ya jamaa mbele imebana, ukisimama kwa mbele unaona kabisa matairi yamekaa ndani. Anasema kazipunguza makusudi ipite kwenye trela. Jamani! Watu wanalipa hela nyingi kutanua mbele ili isipinduke kwenye mchanga, nani anapunguza? Na umeme hivyo hivyo, stata (stator, inayozalisha umeme kwenye injini) za 1987 mpaka 1994 zinauzwa mbali na za 1995 mpaka 2006. Kwa hiyo hata ukiamua liwalo na liwe unanunua, ukienda kuagiza spea za 2006 zitakuja ambazo hazifungi, utarudisha utaagiza tena, na hutajua shida iko wapi mpaka fundi akwambie ukweli.

Hapa nataka nieleweke vizuri, mimi sisemi Banshee ya 1989 ni mbaya. Ni mashine nzuri sana, ikiwa na krenki nzima na silinda hazijachanwa itapanda mlima wa mchanga sawa na ya 2006, na mimi binafsi ningeichukua ya zamani yenye karatasi safi kabla ya mpya yenye maneno mengi. Ubaya ni kuuziwa mwaka ambao siyo, kwa bei ambayo siyo, na karatasi ambayo siyo.

Na ujanja huu hauko kwa Banshee tu. Honda TRX250R ndo wanaicheza zaidi kwa sababu ilitengenezwa miaka minne tu, 1986 mpaka 1989, na kila mtu anataka ya mwisho. Herufi ya kumi G ni 1986, H 1987, J 1988, K 1989, basi. Ya 1986 injini yake ina koneki (connecting rod) fupi kuliko za 1987 kwenda mbele, spea za ndani haziingiliani hovyo, kwa hiyo ukiuziwa G kama K utaumia siku ya kufungua injini. Mtu akikwambia ana TRX250R ya 1990 au 1991 kata simu, haipo. Kawasaki Tecate-4 ni 1987 na 1988 peke yake. Suzuki LT250R ndo ilifika 1992, na ile LT500R kubwa ni 1987 mpaka 1990. Ukiyajua haya kichwani, waongo wengi unawamaliza kwenye simu kabla hujachoma mafuta ya kwenda kuangalia.

Ndugu zetu wa Muscat na Dubai nanyi nawaomba, najua wengi mnawaagiza jamaa zenu walioko huku wawanunulie wawatumie kwenye kontena. Mwambieni anayekwenda kuangalia akutumie video, siyo picha, aanze kuonyesha kwadi nzima halafu bila kukata asogee mpaka kwenye namba ya fremu, kisha taito pembeni yake, zote zionekane kwa pamoja. Huyu jamaa picha za namba anazotuma ni za fremu nyingine, na ukimuomba video betri ya simu inaisha ghafla.

Ukifika, shika injini kwa mkono kabla ya salamu. Ikiwa ya moto ujue keshaiwasha akaipasha ili usione inavyogoma asubuhi. Ya huyu ilikuwa ya moto, na ilipowashwa chini kulikuwa na mlio wa kugonga ambao yeye anauita "sauti ya Banshee". Kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, alikataa tusipime.

Kianzio cha dogo hajarudisha mpaka sasa, anasema mkataba wa mdomo ni mkataba. Juzi nimeona tangazo lake tena, kabadilisha jina na picha ya wasifu, plastiki sasa hivi ni za bluu, lakini sakafu ya gereji ni ile ile yenye doa kubwa la oili karibu na mlango, na maneno ni yale yale, "mwaka wa mwisho, haijaguswa".

Kama umeshamtumia hela, leo hii piga simu benki yako uwaambie umetapeliwa, Zelle kurudisha ni ngumu lakini ukichelewa ndo haiwezekani kabisa. Usifute meseji hata moja, hata zile za sauti, piga picha tangazo kabla hajalitoa, kisha peleka ripoti polisi na kwenye tovuti ya FBI ya utapeli wa mtandaoni, ic3.gov. Dogo tumemsindikiza tayari kafungua kesi. Wengine mliopigwa na huyu njooni inbox niwape namba ya ripoti yetu muunganishe na za kwenu, maana mkiwa wengi ndo watalishughulikia kwa uzito.