Kozi ya michoro ya mwisho wa gemu: 1,500 zangu zimeenda vipi

Haya, nyinyi mliokuwa mukiniuliza kama ile kozi ya chesi ya WhatsApp ni ya kweli ama ni ya kula hela za watu, nimeimaliza wiki iliyopita kwa hivyo naandika yote, mazuri na mabaya, alafu mukate shauri wenyewe.

Mi naendesha boti ya abiria huku Lamu, Mokowe na Amu, Amu na Mokowe, na kazi yetu mnaijua, nusu bahari nusu kungojea watu wajae. Hapo ndipo chesi iliponiingia, kwenye simu mchana, na jioni Mkunguni pale mbele ya ngome wazee wakimaliza bao na domino kuna mmoja huwa anatoa ubao wake wa chesi kwenye mfuko wa plastiki na tunapanga kete. Mwanzo wa gemu sina shida, katikati najitahidi, lakini kete zikipungua wakabaki wafalme na pioni (wale askari wadogo) mbili tatu basi mi ni wa kufungwa tu. Sababu naijua, mi huhesabu. Yeye hapa mi hapa, yeye hapa mi hapa, nikifika ya tano nimesahau nilianzia wapi, na saa inakimbia.

Sasa hii kozi ilitangazwa kwa maneno mamoja tu, usihesabu, tazama umbo. 1,500 kwa M-Pesa, mwezi mzima, michoro 24, kila mchoro na voisi yake ya kueleza. Nikasema isiwe tabu, hiyo ni pesa ya mafuta ya safari mbili, nitume nione.

Mchoro wa kwanza ni mraba. Pioni ya mpinzani inakimbilia kuwa malkia, mfalme wako yuko mbali, je utamshika? Mi ningeanza pale pale yeye hapa mi hapa. Ticha anasema chora mshazari mmoja kutoka kwa pioni mpaka mstari wa mwisho, tuseme pioni nyeupe iko h5 (herufi ni safu ya kwenda mbele, namba ni mstari wa kuvuka ubao), mshazari wake ni h5, g6, f7, e8, basi. Mraba wako ni e5, h5, h8, e8. Kama ni zamu yako na mfalme wako anaweza kukanyaga ndani ya huo mraba, utamshika, hakuna haja ya kuhesabu chochote. Akiwa nje hata kwa nyumba moja, yaani kisanduku kimoja cha ubao, wachana naye tafuta jambo jingine. Na pioni ikiwa bado haijaondoka nyumbani kwake, chora mraba kama imeshasogea moja mbele, kwa sababu ina ruhusa ya kuruka mbili. Wallahi nilicheka peke yangu ndani ya boti. Miaka yote hii nilikuwa nahesabu na vidole!

Siku tatu hizo nilijiona bingwa. Siku ya nne nikakaa na mzee mmoja fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni, mkono wake mzito na kichwa chake chepesi. Tukafika mwisho, mi niko na weusi, mfalme wangu f4 na pioni moja c6, yeye ana pioni a4 na mfalme wake amejitupa kule h7 hana kazi. Zamu yangu. Nikatazama mraba wa pioni yake, a4, e4, e8, a8. Nikaingia e4 kwa madaha kabisa, naye akasukuma a5, nikaenda d5, akasukuma a6, nikanyoosha mkono niende c6 nikakuta nyumba ina mwenyewe, pioni yangu! Mshazari wangu wote ulikuwa d5, c6, b7 na nimeuziba kwa kete yangu mwenyewe. Mzee akanitazama akasema, "Mwanangu, ndia umeifunga weye." Alafu akanyamaza tu akapata malkia wake. Na ningeisukuma ile pioni tangu mwanzo, c5 c4 c3, angalau tungetoka na malkia mmoja mmoja.

Nilirudi nyumbani nimekasirika nikaisikiza ile voisi tena. Kumbe ticha alisema, dakika ya kumi na moja hivi, kwamba mraba ni wa ubao mtupu na kukiwa na kitu kwenye mshazari usiuamini. Dakika ya kumi na moja! Jambo kama hilo linawekwa kwenye mchoro wenyewe, alama moja nyekundu pale katikati imetosha, sio kufichwa nyuma ya habari za mvua na salamu kwa wanafunzi wa zamani.

Sasa nije kwa mchoro ambao kwangu mimi huo peke yake ni thamani ya ile 1,500. Ulitungwa 1921 na jamaa anaitwa Richard Réti. Mfalme mweupe h8, pioni yake c6. Mfalme mweusi a6, pioni yake h5. Zamu ya mweupe, atoe sare. Ukitazama utasema huyu ana wazimu, pioni nyeusi inakimbia na mfalme mweupe amechelewa hatua mbili nzima, na ile pioni yake ya c6 italiwa na mfalme mweusi wakati wowote akitaka. Lakini mweupe hamfuati mwizi kwa nyuma. Anashuka mshazari, g7, f6, e5. Akifika e5 ana mambo mawili mkononi kwa mpigo mmoja, mweusi akipoteza hatua kula c6 basi mfalme anaingia f4 na yumo ndani ya mraba anaishika pioni, na mweusi akiendelea kukimbiza pioni basi mfalme anakwenda d6 kumsaidia mwenzake na wote wawili wanapata malkia. Sare.

Hii ilinisumbua usiku mzima kwa sababu ya kazi yangu. Baharini ukitoka Mokowe ukaamua kuzunguka kwa pembe badala ya kwenda moja kwa moja, mafuta yatakwambia, pembe ni mbali na hakuna mjadala. Kwenye ubao sivyo. Kutoka h8 kwenda h2 moja kwa moja ni hatua sita. Kutoka h8 mshazari mpaka e5 ni tatu, na kutoka e5 mshazari mpaka h2 ni tatu, sita vilevile! Yaani mfalme anaweza kwenda kutembelea katikati ya mji alafu afike kule kule saa ile ile. Nilichukua ubao nikahesabu mara tatu (ndio, nilihesabu, samahani ticha). Tangu hapo mfalme wangu hatembei tena kama mtu anayefuata reli, namtafutia njia ya mshazari inayopita karibu na kitu kingine cha kufanya.

Mchoro wa wafalme kutazamana nao ni mzuri ila hapa nina kisirani na ticha. Jambo lenyewe ni rahisi, wafalme wawili wametazamana na nyumba moja katikati yao, anayelazimika kucheza ndiye atakayepisha. Mtu wa Amu haelezwi zaidi ya hapo, punda wawili wenye mzigo wamekutana kwenye kichochoro, mmoja lazima arudi. Sasa shida, kwenye huo mchoro hakuna popote palipoandikwa zamu ni ya nani. Jamani! Kila kitu pale ni zamu, ukibadilisha zamu mshindi anabadilika, ni kama kunipa nauli bila kuniambia ni ya kwenda wapi. Nilikaa nao siku mbili nikidhani mi ndo sielewi.

Na mwingine una makosa kabisa. Kuna michoro ya nyumba za ufunguo, yaani nyumba ambazo mfalme wako akifika tu basi pioni yako itafika mwisho hata mpinzani afanye nini. Pioni ikiwa e4 nyumba ni d6, e6, f6, safi, hiyo ameichora sawa. Lakini pioni ya ukingoni, ile ya mstari wa a, ameichorea vivyo hivyo mbele yake kama ya katikati, na sio kweli, ya ukingoni haina hiyo bahati, mfalme wako lazima afike b7 au b8 la sivyo yule mwingine anajibanza pembeni na ni sare. Nilimwandikia kwa adabu, ticha shikamoo, naomba uangalie mchoro wa tisa. Siku tisa kimya. Alafu akatuma mpya, hakusema asante wala pole, lakini aliurekebisha, hilo nampa.

Kuna ule wa pembetatu, mfalme wako anazunguka hatua tatu anarudi alipokuwa, na mwenzake ana nyumba mbili tu za kwenda na kurudi, sasa mkirudi mahali pale pale zamu imekuwa yake na lazima apishe. Nilimwonyesha yule fundi kwenye simu akasema hii ni bisho. Nikamwambia hapana mzee, bisho inakupeleka mbele dhidi ya upepo, hii inakurudisha pale pale, faida yake ni zamu tu. Akafikiri. Akasema basi ni bisho ya mtu asiye na haraka. Sikuwa na jibu.

Wa farasi ni mfupi na umenishindia gemu nyingi kuliko yote. Farasi akikusumbua na cheki, yaani kumtishia mfalme wako, msimamie kwa mshazari ukiacha nyumba moja katikati, yeye d4 wewe f6, hapo hawezi kukupa cheki nyingine mpaka hatua ya tatu. Umemaliza. Voisi yake ni dakika mbili, na ndivyo zingekuwa zote.

Mengine ya kawaida: rangi. Michoro yote ni nyekundu na kijani, ukiwa gatini jua la saa saba huoni kitu kwenye skrini, nikasema niiprinti saiberi, wakaniprintia nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani vyote vikatoka kijivu kimoja. Shilingi 240 zimeenda bure. Baadaye nilizipitia kwa kalamu, X kwa nyekundu na duara kwa kijani, na walai ndivyo vilivyoingia kichwani, nadhani kuzichora upya kulinifunza kuliko voisi. Mazoezi pia hakuna, mchoro na maneno basi, kwa hivyo mi nilikuwa naenda Lichess, tovuti ya chesi, ambako kuna sehemu ya mazoezi bure kabisa, wafalme kutazamana, nyumba za ufunguo, zote ziko, unacheza na mashine mpaka ukome. Mtu wa kuniuliza kwa nini nilipe 1,500 ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba kule unafanya mazoezi lakini ni kwa Kiingereza na hakuna anayekwambia tazama umbo, na mimi bila mtu wa kuniambia hivyo ningeendelea na vidole vyangu.

Kilichokosekana kikubwa ni ngome, ile kete ya pembeni mwa ubao. Mchoro mmoja tu kati ya 24, ule wa Philidor, unaiweka ngome yako kwenye mstari wa tatu kutoka kwako mfalme wake asipite, pioni yake ikifika mstari huo ndo unaiteremsha ngome kule mwisho umsumbue kwa cheki za nyuma mpaka sare. Mzuri, umeniokoa mara mbili. Lakini gemu zangu nyingi zinaishia kwa ngome, sisi tunacheza chini ya ngome na hatujui kuzicheza, ni aibu.

Ukiniuliza kama uilipie, kama wewe ni wa kuhesabu kama mimi, lipa, kama tayari unaona mraba bila kuchora basi nunua bando uende Lichess.

Ticha ametangaza kozi nyingine ya ngome tupu, 2,000, inaanza mwezi ujao. Nimemwandikia nikamuuliza jambo moja tu, kama safari hii michoro itaonyesha zamu ni ya nani. Tiki mbili za buluu, jibu bado.