Uzoefu wangu: Albamu nne za dansi na taarabu ninazosikiliza sasa, na jinsi ya kuzipata zikiwa kamili

Wimbo wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1970 au 1980 ukiisha kabla ya dakika nne, huenda umesikia nusu yake tu. Nyimbo hizi zilijengwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni cha mashairi, mwendo wa taratibu, mtunzi anaeleza kisa chake. Cha pili ni chemko: gitaa la solo linageuza mapigo, tumba zinapanda, waimbaji wanashika maneno machache na kuyarudia, tarumbeta na saksafoni zinawajibu. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kubeba yote hayo kwa upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulikatwa, mashairi upande A, chemko upande B. Anayehamisha upande A peke yake na kuupandisha mtandaoni anatuletea mwili bila miguu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: sauti inafifia pale pale gitaa la solo linapoanza kubadilika.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuipenda albamu iitwayo Sikinde ya Mlimani Park Orchestra, iliyotolewa na kampuni ya Africassette ya Marekani miaka ya 1990. Nyimbo zake zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na utepe wa redio haukuwa na mipaka ya santuri. Bendi iliingia studio, ikapiga wimbo wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, mwanzo hadi mwisho. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Njia ilikuwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983 njia hiyo ikawa ngumu mno. Sehemu kubwa ya dansi la miaka hiyo tunayo leo kwa sababu mafundi wa RTD walirekodi.

Mlimani Park iliundwa mwaka 1978, na ndani yake walikuwamo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule na Michael Enoch. Sikiliza Bitchuka anavyopanda juu huku Gurumo akibaki chini, imara. Kisha urudie wimbo huo huo ukifuata besi peke yake. Besi ya bendi hii haikai kwenye noti moja kulinda mapigo. Inatembea, inaacha nafasi, inarudi, na mara nyingi ndiyo inayotangaza kwamba chemko inakaribia. Kwangu hakuna bendi ya Afrika Mashariki iliyopanga sauti zake kwa ustadi kuliko hii.

Tatizo ni kwamba spika ya simu haiwezi kuitoa besi hiyo. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa mtetemo wa hezi 41 hivi, yaani mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu huanza kuchoka juu zaidi ya hapo, kwenye hezi mia kadhaa. Unachosikia ni mwangwi wa juu wa noti, noti yenyewe haipo. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha kabisa. Kwenye ekwalaiza, yaani kipengele cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, usiongeze besi zaidi ya desibeli 3, kwa sababu rekodi za redio za zama zile tayari ni nzito katikati ya hezi 100 na 200, na ukizidisha tumba zinazama. Tarumbeta zikichoma masikio, punguza desibeli 2 au 3 karibu na hezi 3,000.

Rekodi za zamani za RTD ni mono, yaani sauti ile ile kwa masikio yote mawili, na zinapaswa kubaki mono. Kuna nakala mitaani zilizogeuzwa kuwa stereo ya kughushi kwa kuchelewesha upande mmoja kidogo. Kwenye hedifoni zinavutia, zinasikika pana. Ili kuzipima, fungua mipangilio ya ufikivu kwenye simu na uwashe sauti ya mono: pande mbili zikiunganishwa waimbaji wakazama au wakawa kama wako ndani ya pipa, nakala hiyo imechezewa. Kosa la pili ni kusafisha mno. Fundi anayetaka kuondoa mchakacho wote wa utepe huondoa na manyanga, matoazi na pumzi za waimbaji. Mimi nachukua mchakacho pamoja na manyanga.

La tatu ni kasi. Kaseti ikihamishwa kwa mashine mbovu, muziki wote hupanda au kushuka. Weka programu ya kutyuni gitaa karibu na spika wakati gitaa au besi inashikilia noti ndefu. Kama kila noti inaangukia katikati ya noti mbili, kasi si sahihi, au bendi yenyewe haikutyuni kwa kipimo cha kawaida. Linganisha na nakala nyingine kabla ya kuhukumu. Nusu toni nzima ni kama asilimia 6 ya kasi: wimbo wa dakika 6 unaishia kwenye dakika 5 na sekunde 40. Ukirekebisha kwa Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, badilisha spidi, usiguse tempo, kwa sababu spidi hurudisha sauti na mwendo pamoja, na vyote viwili ndivyo vilivyoharibika.

Albamu ya pili ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989, iliyorekodiwa studio za Real World, Uingereza. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Hapa sauti ni safi, kila gitaa lina nafasi yake, na ndiyo albamu ninayompa mtu anayetaka kujifunza kutofautisha gitaa la solo na la ridhimu. Mtu aliyezoea ukumbi atasema imesafishwa sana, na ana haki: joto la umati halipo. Lakini maneno yanasikika neno kwa neno, na kwa mtunzi kama Remmy, aliyemsemea mnyonge waziwazi, hilo lina thamani kubwa. Mambo, albamu yake ya mwaka 1992, ina nyimbo kadhaa za Kiingereza. Anza na hii.

Nyota, ya Black Star na Lucky Star Musical Club, ilitolewa na kampuni ya Globestyle mwaka 1989. Hii ni taarabu ya Tanga, gitaa la umeme na besi mahali pa udi na fidla, na sauti ya Shakila. Isikilize kwa sauti ya wastani, maana sauti yake ni nyororo na ukiisukuma inapoteza ile huzuni iliyotulia.

Ya nne ni Chungu, ya Rajab Suleiman na Kithara, kutoka mfululizo wa albamu uitwao Zanzibara. Rajab ni mpiga kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu kwa kila noti. Ule mtihani wa programu ya kutyuni usiufanye hapa: baadhi ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, zina noti zinazokaa kati ya noti za gitaa kwa makusudi, na programu itakwambia kanuni imekosea wakati iko sawasawa. Zima pia kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu ya muziki, kile kinachofanya nyimbo zote zisikike kwa ukubwa mmoja, ukisikiliza albamu hii peke yake, ucheze nyimbo kwa mpangilio wake, kisha uongeze sauti mwenyewe.

Kuhusu bando: saa moja kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula megabaiti 58 hivi, na kwa 320 hula 144. Kwa rekodi za RTD, kiwango cha kati kinatosha, kwani utepe wenyewe hauna mengi huko juu. Kwa Chungu na ya Remmy, lipia kiwango cha juu, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Na usidanganywe na faili linaloandikwa 320 kutoka chanzo kibovu: lifungue kwenye spektrogramu ya Audacity, picha inayoonyesha sauti za chini hadi za juu, na kama rekodi mpya kama Chungu imekatika kama kwa rula karibu na hezi 16,000, ilipitia kilobiti 128 kabla ya kukufikia.