Dawa za wadudu kwa miti na vichaka vya bustani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wengi hukimbilia dukani wakishaona majani yamejikunja. Hapo dawa iliyo bora kuliko zote imeshapitwa na wakati wake. Kwa hiyo anza kwa kununua kioo cha kukuzia, cha mara 10. Shika kitawi cha mwaka jana kabla machipukizi hayajafunguka, ukwangue kwa ukucha kile kinachofanana na kigaga. Kikiacha majimaji, huyo ni mdudu gamba, na yu hai. Kikipukutika kikavu kama pumba, alishakufa, nawe huna haja ya kutoa pesa.

Ukimkuta hai, namba moja ni mafuta ya kunyunyizia miti, na sioni mpinzani. Hayaui kwa sumu. Huziba matundu ya kupumulia, mdudu akakosa hewa, ndiyo maana si rahisi wadudu wayazoee. Hushika wadudu gamba, utitiri na mayai ya vidukari. Piga mti ukiwa bado umelala, yaani haujaanza kuchipua, hewa ikizidi nyuzi 4 za selsiasi na usiku usio na barafu. Chagua yaliyosafishwa sana, ambayo kibandiko kinaruhusu hata majani yakishatoka: kwa kawaida asilimia 2 hadi 4 mti ukiwa umelala, 1 hadi 2 ukiwa na majani. Chupa moja inafanya kazi ya mbili. Usiyachanganye na salfa, yataunguza majani. Na usiyapeleke kwenye msprusi wa buluu, ule mti wenye majani kama sindano. Mimi nilipeleka, na ule ubuluu wote ukaondoka, kwa sababu ni nta tu iliyokaa juu ya sindano. Nikabaki na mti wa kijani kama mwingine wowote, nikisubiri sindano mpya.

Namba mbili ni Bt (Bacillus thuringiensis) ya aina ya kurstaki, bakteria anayeua viwavi na kuwaacha nyuki salama. Lazima kiwavi aile, na awe bado mdogo, akishanenepa umechelewa. Jua huimaliza kwa siku chache, basi nunua pakiti ndogo na upige jioni. Kabla ya kulipa, hesabu ile miguu minene ya tumboni: jozi 5 au pungufu ni kiwavi wa nondo au kipepeo. Jozi 6 au zaidi ni mtoto wa nyigu msumeno, na Bt haimgusi hata kidogo.

Sabuni ya kuua wadudu naiweka ya tatu. Huua vidukari ikiwa mbichi tu. Ikikauka, kazi imekwisha. Sabuni ya vyombo si mbadala wake, huunguza majani. Kwa vidukari wachache hata hiyo usinunue, wapige na maji ya mpira kwa nguvu.

Mwarobaini ni wa nne: unafaa, ila hufanya kazi polepole na mwenye haraka atakata tamaa.

Ya tano ni dawa ya kumwaga shinani yenye imidakloprid. Huokoa mti mrefu usioweza kufikiwa na bomba, lakini hupanda hadi kwenye chavua na nekta. Umoja wa Ulaya uliizuia nje ya vibanda vya kudumu vya kioo mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Mti unaotoa maua yanayopendwa na nyuki, usiupe.

Mkiani ni zile za jamii ya pareto zinazotengenezwa viwandani, kama bifenthrini na pemethrini. Zinaua haraka, na hapo ndipo zinapovutia. Lakini zinaua pia wadudu wanaokula utitiri, na baada ya wiki chache utitiri unafumuka kuliko mwanzo, ukalazimika kurudi dukani.

Ukibakiwa na pesa, nunua bomba lenye mkono mrefu na pua inayopinda juu. Vidukari hukaa chini ya jani, na dawa inayoishia juu ya jani haiwafikii.