Fulana ya kupozea mbwa: Mbeya imefaulu, Kyela imefeli

Mwishoni mwa Septemba mwanangu aliye Dar alinitumia kifurushi kwa basi. Nilikwenda kukichukua stendi nikijua ni vipuri vya jiko la gesi, maana ndivyo nilivyomwagiza. Kufungua, nakuta fulana ya kijivu, laini, ina mkanda wa kupita tumboni. Nikampigia. "Mwanangu, hii mbona hata mkono haupiti?" Alicheka mpaka salio likaisha. Fulana ilikuwa ya Komando.

Komando ni mbwa wangu, ana miaka sita. Mama yake ni mbwa wa kawaida tu wa Uyole, baba yake ni "jamani shefadi" (German Shepherd) wa watu waliokuwa jirani zetu. Kilo 34, mgongo mweusi kama sufuria la msibani. Usiku ni mlinzi kweli kweli, ila radi ikipiga unamkuta chini ya meza ya jikoni. Mwaka jana daktari wa mifugo alipokuja kumchanja kichaa alimshika mbavu, akazikosa, akaniambia: mama, huyu atembezwe kila siku, la sivyo moyo utamsumbua. Ndiyo ikawa mimi, mama wa miaka 57 mwenye duka la vitenge Soweto ya hapa Mbeya, naonekana barabarani navutwa na mbwa, na watoto wa shule wananiita mzungu mweusi.

Tatizo langu ni muda. Asubuhi nafuata mzigo Mwanjelwa, jioni duka nafunga saa 2 usiku. Nafasi niliyokuwa nayo ni saa 7 mchana, binti wa dukani akishakula. Na sikuiona kama ni tatizo, kwa sababu hapa ni Mbeya. Tuko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kivulini mtu anavaa sweta hata Oktoba. Joto ni la watu wa Dar.

Jua la huku ni tapeli, na nimelijua nikiwa mtu mzima. Upepo unakupuliza shingoni, unajiona uko sawa, kumbe chini lami inaungua. Katikati ya Oktoba jua la mchana linasimama hasa juu ya utosi wetu, na mvua bado, hata wingu la kusingizia hakuna. Komando alikuwa na tabia ya kuvuta pembeni kwenye majani kila tukifika barabara kuu ya Zambia, anainua mguu huu, anainua ule. Mimi nikawa namvuta nirudi naye lamini na kumwita mkaidi. Karatasi iliyokuja na fulana ilikuwa na picha ya mkono juu ya barabara: weka mgongo wa kiganja, hesabu mpaka saba, ukishindwa wewe, mbwa naye hawezi. Nikainama pale pale, magari yanapita, nikaweka. Sikufika tatu. Miezi yote hiyo mimi navaa raba, mwenzangu yuko peku.

Sasa fulana yenyewe. Ina tabaka tatu: juu kitambaa cha rangi ya kuakisi jua, katikati kitu kama sponji nyembamba, ndani wavu. Unailoweka kwenye ndoo, unaikamua isiwe inachuruzika, unamvalisha. Haina betri wala barafu. Kwa aliyekulia nyumba yenye mtungi haihitaji maelezo marefu: maji yanapenya udongo, yanakaukia nje, na yakikauka yanaondoka na joto, ya ndani yanabaki baridi. Hapa mtungi ni fulana na maji ya ndani ni mbwa. Mbwa mwenyewe anao mtungi wake mmoja tu, ulimi. Jasho la mwili kama letu hana, labda kidogo chini ya nyayo, kwa hiyo kutweta ndiko kujipoza kwake, kukausha mate na unyevu wa njia ya hewa. Fulana inamwongezea mtungi wa pili mgongoni.

Na kwa Mbeya ya Oktoba, jamani, inafanya kazi. Hewa ni kavu, upepo upo. Siku ya kwanza tulizunguka kwa dakika 40, njia ile ile na saa ile ile, na kabla hatujafika nyumbani nikapitisha mkono chini ya fulana: manyoya ya baridi kabisa, kama kushika ukuta asubuhi. Kawaida tukirudi hujitupa sebuleni kwenye sakafu na kutweta hadi saa 8 na nusu. Siku ile alikunywa maji, akaenda kubweka getini. Bei mwanangu alisema 65,000, na kwa siku hiyo moja nikaona si haba.

Ila inakauka haraka kuliko maandishi yake. Wameandika inapoza kwa saa tatu. Jua la saa 7 na upepo wa mlima Loleza, mimi nilipata dakika 35. Na ikikauka haiwi fulana tena, inakuwa sweta, umemvalisha mbwa sweta juani. Kwa hiyo lazima ubebe maji ya kuilowesha, mbali na yale ya kunywa. Mimi nabeba kidumu cha lita tatu kilichokuwa cha mafuta ya kula na bakuli la plastiki la buku. Mkono mmoja kidumu, mwingine kamba, halafu Komando aone paka. Mtu anifikirie.

Mkanda wa tumbo nao ni kilio. Nilimpima kifua kwa futi ya fundi, sentimita 79. Lebo inasema inafika 80. Haifiki. Vifungo vilikuwa vinatazamana kwa mbali kama wachumba waliogombana. Nikamwandikia muuzaji mara mbili, ujumbe unaonekana umesomwa, jibu hakuna hadi leo. Fundi wangu wa Mwanjelwa akaongeza kipande kwa 3,000 na kuniuliza kama na paka atakuja kupimwa suti.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na zawadi, viatu vinne vya mpira. Sitavisema sana. Alitembea kama kuku aliyenasa nyuzi miguuni, kimoja kikapotelea mtaroni siku hiyo hiyo. Halafu nikawaza, kama jasho lake dogo liko nyayoni, ndipo tumepaziba? Vilivyobaki vitatu viko stoo.

Mpaka katikati ya Novemba, basi, ningeipa saba kwa kumi bila kusita. Ningeishia hapo nisingewadanganya watu wa Mbeya mjini, ila ningewadanganya wengine.

Wiki ya kwanza ya Desemba tulikuwa na shughuli kwa dada yangu, Kyela. Kaka alikuwa na nafasi kwenye pikapu yake, nikaona nimchukue Komando kuliko kumwachia binti. Mnaoijua njia ile mnajua: Uyole unapanda kwenye baridi, Tukuyu ukungu na chai, halafu unaanza kushuka, na kila kona unavua nguo moja. Ukifika chini uko karibu mita 500 tu, zaidi ya kilomita nzima ya kwenda juu umeiacha nyuma. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ardhi inafuka moshi.

Saa 4 nikamlowesha Komando fulana yake, nikamvalisha, tukatoka. Nilijiona mjanja: sio saa 7, ni saa 4, sio lami, ni njia ya udongo, na kivuli kipo, migomba na mikakao mwanzo mwisho. Kila tunayempita anasalimia "Mwagonile" halafu anageuka kumtazama mbwa aliyevaa. Kijana mmoja akauliza, "Mama, huyo amevaa, sisi wa kifua wazi unatusaidiaje?"

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Baada ya kama dakika 25 Komando akapunguza mwendo. Nikajua anachoka. Kisha ulimi ukatoka mrefu kuliko nilivyowahi kuuona, umepanuka mwishoni kama kijiko, mate yamekuwa mazito ya kuvutika. Nikamwita, hakugeuka. Akayumba miguu ya nyuma, akalala katikati ya njia. Nikainua mdomo wake: fizi nyekundu, zile nyekundu za kutisha. Nikapitisha mkono chini ya fulana nikitegemea ule ubaridi wa Oktoba. Fulana ilikuwa bado imelowa chapa, haijakauka hata kidogo. Na maji yale yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Hapo ndipo nilipouelewa mtungi. Mtungi unapoza kwa sababu maji yanakauka. Kama hewa yenyewe imeshiba maji, yatakaukia wapi? Fulana ilikuwa imekaa tu mgongoni kwake, imelowa, nzito, imefungia joto ndani. Na ulimi wake nao ulikuwa na shida hiyo hiyo. Mitungi yote miwili imegoma.

Nilimvua nikaitupa. Nikapiga kelele za maji. Mama mmoja alitoka nyumba ya jirani na ndoo, watoto nyuma yake na madumu, tukamburuta chini ya mwembe na kuanza kummwagia tumboni, kwapani, shingoni, miguuni. Huku nimempigia daktari wetu wa Mbeya, simu iko sikioni naishikilia kwa bega. Akaniambia nisikimbilie gari kwanza: poza hapo hapo, maji mengi ya kawaida, pepea sana, ndipo umpeleke. Asilazimishwe kunywa, anaweza kupaliwa. Wala usimfunike taulo la maji ukaliacha, litafanya ile ile kazi ya fulana. Yule mama alisikia neno pepea akaingia ndani, akatoka na ungo. Jamani, yule mama alipepeta upepo! Kanga imekazwa kiunoni, ungo mikono miwili, anampepea mbwa asiyemjua kama anapepeta mchele wa harusi, maji yanaruka, watoto wanashangilia.

Mzee mmoja akaja na kamba akashauri tumfunge mdomo kwanza asije akang'ata mtu. Kwa heshima zote nilimzuia mkono. "Shikamoo baba, huyu tukimfunga mdomo tumemuua." Mbwa wa kutweta ukimfunga mdomo umemzibia dirisha lake pekee. Alielewa, akakaa chini, akashika ndoo.

Baada ya robo saa hivi pumzi ikaanza kushuka. Akainua kichwa. Akalamba maji mwenyewe bakulini. Ndipo tukampakia kwenda kwa bwana mifugo, madirisha wazi, na akapimwa kwa kipimajoto cha nyuma: 40.1, hapo ameshamwagiwa ndoo saba. Mbwa mzima ni kati ya 38 na 39. Ikivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Ilikuwa ngapi pale njiani, sitaki hata kukisia. Aliwekewa dripu, tukaambiwa tumwangalie mkojo na damu kwenye choo siku tatu, kwa kuwa figo huweza kuleta habari baadaye wakati mtu ameshasherehekea. Hazikuleta.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi: Mbeya, Iringa, Njombe, kipindi cha kiangazi, saba kwa kumi, na mkanda uongezwe. Kyela, Matema, popote ambapo nguo ulizofua zinalala kambani mpaka kesho bila kukauka, sifuri. Kipimo ni hicho hicho cha kamba ya nguo. Kama shuka linakauka kabla hujamaliza kuosha vyombo, mvalishe. Na wenye mbwa wa pua fupi, wale wa uso uliobonyea, msinisikilize kabisa, hao hata kwa hewa kavu wanahema kwa shida.

Watu wameniuliza kama fundi anaweza kuiga. Alijaribu, kwa taulo jeupe la zamani na bitana ya suti, akanitoza 12,000. Bitana ile haipitishi maji hata kidogo, na taulo likilowa lina uzito wa mtoto wa miezi sita. Ameahidi nyingine ya pamba nyepesi na wavu wa chandarua ndani. Chandarua si wazo baya, nitaona.

Kilichobadilika kwangu hasa si nguo. Duka sasa nafungua saa 3 badala ya saa 2, Mwanjelwa nakwenda baadaye, na Komando anatembea saa 12 asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, peku kwa peku na barabara baridi. Wateja wamelalamika wiki moja wakazoea. Jioni siku nikiwahi, sidanganyiki na jua kuzama. Lami inatunza joto kama jiko la mkaa lililofunikwa, naweka kwanza kiganja, nahesabu. Fulana inatoka Oktoba yenye jua kali tukiwa na safari isiyokwepeka, kama kwenda kwa daktari.

Tukirudi kutoka Kyela nilimwomba kaka asimamishe gari Tukuyu. Akadhani nataka ndizi. Nilinunua ungo mkubwa kuliko wote pale. Unaning'inia nyuma ya mlango pamoja na kamba ya Komando, na binti wa kazi ameshakatazwa kuutumia kwenye mchele.