Google Drive kwa ofisi ndogo: bure inatosha, ila nafasi ichungwe

Kwa skuli ya Chake Chake au nyumba ya wageni Jambiani, Google Drive ya bure, yaani ghala la Google la kuwekea mafaili mtandaoni, inatosha. Unapewa GB 15, lakini ni za pamoja na Gmail na Google Photos. Zikijaa, barua pepe haziingii tena. Mgeni anaomba chumba na wewe huna habari. Anza kufuta video, ndizo zinazokula nafasi, kisha safisha na pipa la taka, maana kilichomo humo bado kinahesabiwa mpaka siku 30 zipite.

Raha yake hasa ni historia ya matoleo, yaani kumbukumbu ya faili lilivyokuwa kabla ya kila badiliko. Mtu akifuta safu nzima ya bei kwenye hesabu za karafuu, fungua Faili, ingia historia ya matoleo, chagua saa ya kabla hajafuta, rejesha. Dakika moja, basi.

Umeme ukikatika na ruta ikazima, kwenye laptopu utaendelea kuandika, mradi uliwasha matumizi ya nje ya mtandao ndani ya Chrome wakati intaneti ipo. Wengi hukumbuka kiza kishaingia! Na ukimtumia mtu kiungo cha faili, toa ruhusa ya kutazama tu. Ya kuhariri mpe unayemwamini.