Boksi la sarafu za plastiki, niliyoyaona kwa wiki mbili

Nilichukua Kariakoo elfu nane baada ya kubembeleza sana, ni boksi lina sarafu za plastiki za 50, 100, 200 na jero plus vikadi vya nusu na robo, kwa ajili ya mwanangu wa darasa la tatu ambaye robo ilikuwa inamtoa jasho. Aisee sarafu ziko poa, ile ya hamsini ina kifaru kabisa, dogo akaweka mia mbili mezani akaichenji kwa hamsini nne, akasukuma moja pembeni, "mama robo ndo hii?" Nikasema ndo hiyo, haya robo tatu je? Akabaki na tatu mkononi, mia na hamsini. Daftari lilishindwa mwezi mzima jamani.

Sasa vikadi ndo vimenichosha, kimoja kinauliza theluthi ya 500, we mtu mzima igawe hiyo kwa sarafu uone, 166 na vipoint, hata konda hakupi chenji hiyo 😂. Halafu jero ziko mbili tu. Nawapa nyota tatu, vikadi nimechora vyangu vya maboksi.